Ukungu wa Akili Baada ya UVIKO-19: Mwongozo kwa Wanajeshi wa Zamani na Familia Zao

Somo hili linawahusu wanajeshi wa zamani wa Marekani waliougua UVIKO-19, wakapona homa na kikohozi, lakini wakabaki na matatizo ya kufikiri. Linawahusu pia wenzi, watoto na ndugu wanaoishi nao. Tumekusudia kueleza tatizo lenyewe, huduma ya utengamao na namna ya kuipata, kisha kuwatahadharisha wasomaji dhidi ya wanaouza matumaini hewa.

Tatizo ni lipi?

Mnamo Juni 2024, Vyuo vya Taifa vya Sayansi, Uhandisi na Tiba vya Marekani vilitoa fasili ya UVIKO wa muda mrefu: ni hali sugu inayofuata maambukizi na kudumu kwa angalau miezi 3, iwe kwa mfululizo, kwa kuja na kuondoka, au kwa kuzidi kadiri siku zinavyopita. Fasili hiyo haidai uthibitisho wa maabara. Kwa hiyo, asiye na majibu ya kipimo asidhani kwamba hana haki ya kusikilizwa na daktari.

Kwa upande wa akili, dalili huwa ni kusahau miadi, kupotewa na neno katikati ya mazungumzo, kushindwa kufuatilia maongezi ya watu wengi, au kuanza kazi tatu bila kumaliza hata moja. Mtu aliyezoea kusoma ramani na kutoa amri huku risasi zikirindima huona aibu kukiri kwamba sasa orodha ya sokoni inamshinda. Wengi huficha. Lakini kuficha kuna gharama: dawa humezwa mara mbili, jiko huachwa likiwaka, na bili hupita siku yake ya malipo.

Kwa nini uchunguzi utangulie?

Si kila usahaulifu unatokana na UVIKO-19. Miongoni mwa wanajeshi wa zamani wapo waliowahi kuumia kichwa, wenye msongo unaofuata kiwewe, wanaokosa usingizi au wanaokatikiwa na pumzi wakiwa wamelala. Sonona, matatizo ya tezi ya shingo na baadhi ya dawa pia huweza kuvuruga kumbukumbu. Mambo haya mengi yana tiba yake. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba daktari achunguze kwanza, kabla hujatumia hata dola moja kununua kitu chochote.

Utengamao wa uwezo wa kufikiri ni nini?

Si dawa wala upasuaji. Ni mafunzo yanayotolewa na mtaalamu wa usemi na lugha, mtaalamu wa tiba kazi au mwanasaikolojia wa masuala ya ubongo. Mgonjwa na mtaalamu huchagua lengo la kweli la maisha, kama vile kumeza dawa kwa wakati au kurejea kazini, kisha hujenga mbinu za kulifikia.

Mfano mmoja ni programu ya CogSMART, iliyobuniwa awali kwa ajili ya wanajeshi wa zamani waliojeruhiwa ubongo. Hufundisha matumizi ya kalenda, namna ya kukumbuka jambo linalopaswa kufanywa baadaye, kulinda umakini, na kutatua tatizo hatua kwa hatua. Mbinu zenyewe ni nyepesi: funguo zina mahali pamoja tu, kazi kubwa hugawanywa vipande vidogo, na agizo hurudiwa kwa sauti kabla ya kuandikwa.

Jambo moja lahitaji uangalifu mkubwa. Baadhi ya wagonjwa huzidiwa saa au siku kadhaa baada ya kujitumikisha kupita kiasi, kimwili au kiakili. Askari hufunzwa kusonga mbele ingawa amechoka. Hapa mazoea hayo huweza kumdhuru. Nguvu zitumiwe kama fedha kidogo za mwezi: kwa mpango, na kwa kubakiza akiba.

Usinunue ahadi

Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio la RECOVER-NEURO, lililopima mazoezi ya ubongo kwa kompyuta, mafunzo ya kusimamia malengo, na usisimuaji wa ubongo kwa umeme hafifu. Hakuna njia iliyothibitika kuzishinda zile zilizotumika kama vilinganishi. Hii haina maana kwamba mbinu za kumudu maisha ya kila siku ni bure. Maana yake ni kwamba anayekuhakikishia uponyaji anasema asichoweza kuthibitisha.

Ipo pia historia ya kutukumbusha. Mwaka 2016, Tume ya Shirikisho ya Biashara ilitangaza kwamba kampuni ya Lumos Labs, yenye michezo ya Lumosity, ingelipa dola milioni 2 kumaliza madai kwamba matangazo yake yaliwapotosha wateja kuhusu kumbukumbu na kuzeeka kwa ubongo.

Kabla ya kulipa, uliza:

1. Je, anayetoa huduma ana leseni katika jimbo lako?
2. Je, atapima maendeleo yako kwa shughuli za maisha yako, au kwa alama za mchezo tu?
3. Je, gharama yote imeandikwa, na unaweza kusitisha bila faini?
4. Je, daktari wako anaifahamu huduma hiyo?

Namna ya kupata huduma

Aliyesajiliwa katika Idara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani (VA) amwone daktari wake wa kawaida na kuomba rufaa. Asiyesajiliwa ajaze fomu 10-10EZ, au apige simu 1-800-698-2411. Ukitaka kudai fidia ya ulemavu, mwakilishi aliyeidhinishwa wa chama cha wanajeshi wa zamani atakusaidia bila malipo. Sheria hairuhusu mtu kukutoza ada kwa kuandaa dai lako la kwanza; anayekudai fedha hapo, mkatae.

Kuhusu kazi, tangu Julai 2021 serikali ya shirikisho imeeleza kwamba UVIKO wa muda mrefu waweza kuhesabiwa kuwa ulemavu kisheria. Hivyo unaweza kumwomba mwajiri maelekezo ya maandishi, mahali penye utulivu au mapumziko ya ziada.

Ukizidiwa na kukata tamaa, piga 988 kisha bonyeza 1, usiku au mchana.

Zoezi la wiki hii

Kwa siku 7, andika katika daftari moja kila ulichosahau, saa ilipotokea, ulivyolala usiku uliotangulia na kazi uliyokuwa umefanya. Mwombe mmoja wa nyumbani aongeze aliyoyaona yeye. Nenda na daftari hilo kwa daktari: litamweleza hata yale ambayo ungeyasahau ukiwa mbele yake.