Mlinzi wa Ngitili: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Haya yanawahusu waliojitolea kulinda ngitili, yaani malisho yanayofungwa ili ardhi ipumzike, na misitu ya vijiji kuzunguka Ushirombo. Yabandikwe ofisi ya mtendaji, na asiyejua kusoma asomewe. Kwamba hamlipwi hakumpi mtu ruhusa ya kufanya apendavyo.

FUNGENI ngitili mvua zinapoanza. Fungueni kiangazi kikikaza, Julai au Agosti, kwa tarehe iliyopangwa na mkutano wa kijiji. Ng'ombe wa mjumbe wa kamati wasitangulie hata siku moja. Ngitili huanza kufa siku hiyo, watu wakiona na kunyamaza.

MSIKIMBILIE kupanda miti. Hapa wengi huharibu kwa nia njema. Mkoa wa Shinyanga, ambao wilaya yenu ya Bukombe ilikuwa ndani yake hadi Geita ilipofanywa mkoa mwaka 2012, ulifyekwa misitu kwa makusudi zama za ukoloni ili kuwaondoa mbung'o. Zikafuata pamba, mifugo na watu kuhamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, na utaratibu wa ngitili ukavunjika. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Vitalu na miche vilikuwepo, lakini kazi kubwa ilifanywa na ardhi iliyoachwa ipumzike: visiki vikachipua, mizizi iliyokuwa hai chini ikatoa miti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimefika hekta 300,000 au zaidi katika vijiji 833, na watafiti wakaorodhesha humo aina 145 za ndege. Kwa hiyo, kabla hamjamwomba mfadhili miche ya mikaratusi, hesabuni machipukizi ya mninga na migunga mliyo nayo. Kwenye kisiki bakizeni mawili au matatu yaliyonyooka. Basi.

USIKATE mti mkavu wenye tundu, hata kama ni kuni nzuri. Tazama kwanza. Ukiona tundu limezibwa kwa udongo, likaachwa ufa mwembamba, na chini pametapakaa kinyesi, hapo hondohondo jike amejifungia na mayai au makinda. Dume humlisha kwa kupitisha mdomo kwenye ufa huo. Ukiuangusha mti umeua familia nzima kwa mzigo mmoja wa kuni. Komba na bundi nao hulala kwenye matundu. Bundi asipigwe mawe kwa kuwa amelia juu ya paa la mtu: anakula panya wanaomaliza mahindi ghalani, na uchawi mnaomsingizia hakuna aliyewahi kuuthibitisha.

LIMENI mkinga moto nyasi zikiwa bado mbichi, na moto wa kuzuia moto uwashwe kwa kibali tu, watu wakiwa tayari na matawi na maji. Anayechoma ili nyasi changa zichipue Septemba apelekwe mbele ya kijiji.

USIRUHUSU mti wa mtundu uvuliwe gome kwa ajili ya mzinga. Mti uliovuliwa pande zote hufa ukiwa umesimama, na mwakani nyuki watakosa maua. Tundikeni mizinga ya mbao. Kulina ni kwa bomba la moshi, si kwa mwenge.

Kuhusu dhahabu nitasema kwa ukali zaidi, maana ndipo fedha ilipo. Maduara ya wachimbaji yanahitaji matimba, yaani magogo ya kuzuia udongo, na matimba hutoka msituni. MSIUZE hata moja kutoka ngitili, wala msipokee soda ya mwenye lori. Anayetaka matimba apande miti yake ya kuvuna shambani kwake. Mikaratusi huko inafaa sana. Mwalo wa kuoshea dhahabu wala karasha ya kusagia mawe visikaribie kijito au lambo: zebaki ikishaingia majini hakuna kamati itakayoitoa, nayo itawadhuru samaki na ndege wanaowala, kisha ninyi mnaokula hao samaki.

USIMPIGE mtuhumiwa. Najua sungusungu ina historia yake, na dagashida, baraza la jadi, imewahi kutoza faini zilizoheshimika kuliko hukumu za mahakama. Lakini fimbo inawageuza ninyi kuwa washtakiwa, na kesi ya msitu inafia hapo. Mshikeni, andikeni jina, saa na alichokutwa nacho, mkabidhini kwa mtendaji. Faini itozwe kwa sheria ndogo iliyopitishwa, kwa stakabadhi, na ni ileile kwa maskini na kwa mwenye ng'ombe mia tano.

SEMENI ukweli kuhusu hasara. Msitu ukirudi, fisi na nguruwe mwitu hurudi pia. Mbuzi akiliwa, msimwambie mwenye mbuzi kwamba uhifadhi ni baraka. Nendeni naye siku hiyohiyo kwa mtendaji, kisha kwa afisa wanyamapori wa wilaya, mkaulize kama anastahili kifuta jasho. Msitege sumu. Mzoga wenye sumu huua tai wote wanaoushukia, na mbwa wenu pia.

KAKAKUONA akionekana, mwacheni apite. Kumshika ni kosa la jinai, hata ukidai unampelekea mzee atabiri mvua.

Anayeona masharti haya ni makali ajiuzulu kwenye mkutano mkuu ujao wa kijiji, arudishe daftari la doria na kitabu cha stakabadhi, achaguliwe mwingine.