Vifaa vya Somo la Upigaji Picha: Mfano wa Dutwa

Mwanachuo mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha huko Dutwa, wilayani Bariadi, aliniletea andalio la somo lake la mwanga. Penye nafasi ya zana alikuwa ameandika: kamera moja, filamu mbili, karatasi za picha na dawa za kusafishia. Nilimwuliza atavipata wapi. Akajibu kwamba atamwomba Mwalimu Mkuu. Shule yenyewe wakati huo ilikuwa ikihesabu vipande vya chaki.

Sikumcheka, kwani nami nilipoanza kazi nilikosea zaidi yake. Niliagiza karatasi za picha kwa fedha yangu, na mahali fulani njiani mtu akaifungua bahasha nyeusi ili aone kilichomo. Karatasi hizo hupakwa chumvi za madini ya fedha; mwanga ukizigusa mara moja tu, zimekwisha.

Basi, ndugu mwanachuo, kabla ya kuandika orodha ya vifaa, jiulize mtoto anatakiwa aone nini. Katika upigaji picha mambo makuu ni mawili: mwanga hujenga taswira, na mwanga huacha alama. Jambo la kwanza halihitaji hata lenzi. Ibn al-Haytham, aliyefanya kazi Misri katika karne ya 11, alichunguza mwanga upitao katika tundu dogo, karne nyingi kabla ya filamu kuwapo.

Pale Dutwa tulianzia dukani, tukaomba maboksi matupu. Tulichagua yenye urefu wa sentimeta 20 hivi. Ndani tulipaka masizi yaliyokorogwa katika uji. Upande mmoja tulikata dirisha, tukalibandika kipande cha bati la kopo la soda, tukakitoboa kwa ncha ya sindano tundu la kiasi cha nusu milimita. Upande wa pili tulibandika karatasi nyeupe iliyopakwa mafuta ya pamba, ambayo katika nchi ile ya wakulima wa pamba si shida kuyapata. Darasa la watoto 80 lilipata maboksi kumi. Kilichonunuliwa ni sindano tu.

Watoto walijifunika shuka, wakaelekeza maboksi kwenye mti uliopigwa na jua. Msichana mmoja akapaza sauti: “Mwalimu, mti umesimama kwa kichwa!” Mwanachuo akafungua kinywa aeleze, nikamwashiria anyamaze. Msichana akamtuma mwenzake asimame mbele ya boksi na kuinua mkono wa kulia, kisha akachora vumbini mistari miwili inayopishana tunduni. Maelezo ya mwalimu yangalimnyang’anya mstari ule. Baadaye walipima: mti wa meta 3, ukiwa meta 6 kutoka kwenye tundu, ulitoa taswira ya sentimeta 10. Hiyo tayari ni hesabu ya uwiano.

Onyo moja lisisahauliwe: mtoto yeyote asitazame jua kupitia tundu. Mwalimu asimame pale pale.

Jambo la pili, la alama, ndilo linalodhaniwa kuwa la gharama. Mwaka 1842 Mwingereza John Herschel alieleza majaribio yake ya kutengeneza picha kwa maji ya mimea. Twanga mchicha kinuni, ukamue kwa kitambaa, upake karatasi mara mbili au tatu, kisha uikaushe gizani. Laza juu yake unyoya au jani lenye umbo zuri, ufunike kwa kioo, uanike. Penye jua rangi hufifia. Penye kivuli hubaki. Mchicha huweza kuchukua siku nyingi, na watoto huchoka kungoja. Manjano ya dukani iliyolowekwa katika spiriti hufanya kazi upesi zaidi, nami huianza hiyo. Spiriti, hata hivyo, ashike mwalimu mwenyewe, mbali na moto. Fanyeni kazi hii wakati wa kiangazi. Wingu la masika litawaaibisha.

Picha za namna hii hazidumu mwangani, maana hakuna dawa ya kuzizuia zisiendelee kufifia. Tulizihifadhi ndani ya madaftari yaliyofungwa. Moja tuliiacha ukutani, mkabala wa dirisha, tukaandika tarehe chini yake, na watoto wakapewa zamu ya kuitazama kila asubuhi.