Maneno Kumi na Mawili, Karatasi Mbili: Kinga ya Pochi ya Sarafu za Kidijitali Mjini Goma

Sababu ya kijitabu hiki

Tangu mji wa Goma ulipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na benki zikafunga milango, wakazi wengi wameshika simu kama njia ya kutuma na kupokea fedha, na wapo waliohamishia akiba yao katika sarafu za kidijitali, yaani fedha zisizo na noti, ambazo hesabu zake huandikwa katika daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi duniani. Akiba hizo huweza kupotea, na chanzo kimojawapo ni maneno ya siri yaliyotunzwa ovyo.

Maneno ya siri ni nini

Pochi ya kidijitali ni programu isiyobeba fedha yoyote ndani yake. Hutunza ufunguo unaompa mwenye nao uwezo wa kuamuru fedha zihame. Ufunguo huo huzaliwa na maneno 12 au 24 ambayo programu humwonyesha mtumiaji anapofungua pochi, yakiwa yamechaguliwa katika orodha ya maneno 2,048, na mpangilio wake ni sehemu ya siri yenyewe. Aliyepoteza laini ya simu huenda kwa kampuni na kadi yake ya uchaguzi akarudishiwa namba na salio, lakini aliyepoteza maneno haya hana ofisi ya kubisha hodi, wala Benki Kuu ya Kongo haizidhamini sarafu hizi.

Onyo kuu

Anayeyajua maneno ndiye mwenye fedha. Maneno hayo yasipigwe picha, yasitumwe WhatsApp, yasihifadhiwe katika barua pepe, na asiambiwe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni mtumishi wa kampuni ya pochi au fundi wa simu. Hakuna mtumishi wa huduma halali anayeyadai, na kila mtu anayeyaomba ni mwizi.

Utaratibu

Maneno yaandikwe kwa kalamu, kila moja na namba yake, kisha yalinganishwe na yale ya kwenye kioo herufi kwa herufi, kwa sababu mkono uliozoea Kifaransa huandika «zèbre» mahali palipotakiwa neno la Kiingereza «zebra», na pochi hulikataa neno hilo. Nakala ya pili iandikwe papo hapo. Kabla ya kuweka akiba kubwa, mtumiaji aweke kiasi kidogo, aifute programu, kisha airudishe pochi kwa kusoma karatasi yake. Ikirudi, karatasi ni sahihi, na isiporudi, hasara itakuwa ndogo.

Somo la Nyiragongo

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021, amri ya kuhama iliyotolewa tarehe 27 iliwatoa watu majumbani kuelekea Sake, Bukavu na Gisenyi wakiwa na vichache walivyoweza kubeba. Nyumba za mbao, nazo, huungua upesi. Kwa hiyo nakala mbili zilizo chini ya godoro moja ni sawa na nakala moja, na hata bamba la chuma lililochongwa maneno, ingawa hustahimili maji na moto kuliko karatasi, halichimbuliki likifunikwa na lava. Kinachookoa nakala ni umbali: moja ikae nyumbani, na ya pili ikae mji mwingine, ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa ndugu anayeaminika kama anavyoaminika mrithi.

Neno la mwisho

Elimu hii imetolewa kwa lugha nyepesi makusudi, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Inarudiwa tena: yasipigwe picha, asiambiwe mtu, na nakala zikae mahali pawili. Aliye na pochi ambaye hajaandika maneno yake aandike leo, simu yake ingali mkononi.