Kabla Hujanunua Bando Jingine

Wadogo zangu mnaoandika programu, wengi mnalalamika kuwa Git inawamalizia bando. Leo tuitafute sababu, maana pesa hiyo mnaihitaji kwa mengine.

Kwanza, acheni kufuta folda na kufanya git clone upya kila mambo yakigoma. Clone hupakua mradi mzima na historia yake yote, tangu badiliko la kwanza. Mtandao ukikatika katikati, haiendelei ilipoishia, inaanza upya. Mwenye nakala tayari atumie git fetch: kompyuta yake na seva huulizana nani ana nini, kisha hushuka kile tu kinachokosekana.

Mradi ukiwa mzito bado, usikisie. Andika git count-objects -vH, usome mstari wa size-pack. Ukikuta mamia ya megabaiti kwenye mradi mdogo wa maandishi, yaelekea mtu aliingiza video, faili la zip au folda ya node_modules. Kulifuta faili hilo leo hakutoshi, mdogo wangu. Git hutunza matoleo ya zamani, kwa hiyo litaendelea kusafiri na kila clone kamili. Kuling'oa kunahitaji git filter-repo, zana inayoandika historia upya. Usiiguse kabla hamjakubaliana timu nzima, kwani mmoja akisukuma kutoka nakala ya zamani, mzigo wote unarudi. Afadhali kuandaa .gitignore kabla ya komiti ya kwanza.

Unataka kusoma msimbo tu? git clone --depth 1 inakupa hali ya sasa bila historia. Utafanya kazi humo miezi? Chagua --filter=blob:none, seva ikiiruhusu: orodha ya mabadiliko inakuja yote, ila yaliyomo kwenye mafaili ya zamani hushuka pale unapoyahitaji.

Na mnaoishi hosteli moja, kwa nini kila mtu alipie mzigo uleule? Mmoja apakue, aandike git bundle create mradi.bundle --all, awape wenzake kwa flashi. Kila mmoja afanye clone kutoka faili hilo, aelekeze anwani kwenye seva kwa git remote set-url, kisha fetch imletee machache yaliyobaki.

Nawasihi, wadogo zangu: pimeni kwanza, ndipo mpakue.