Mbwa Akila Kahawa

Msomaji, nyumba nyingi za Kitengela na Kajiado hulindwa na mbwa, na mbwa hula akikutacho. Akirarua pakiti ya kahawa au majani ya chai, usipuuze. Kafeini inayokufukuzia usingizi huufanya moyo wake udunde kupita kiasi. Gramu 50 za kahawa ya kuyeyuka zina miligramu 1,500 hivi za kafeini, kiasi kinachoweza kumuua mbwa wa kilo 10.

Dalili huanza katika saa moja au mbili: kuhangaika, kuhema, kutapika, kutetemeka, hata degedege.

Kwanza, ondoa mabaki. Pili, mpigie daktari wa mifugo simu upesi bila kungoja dalili. Mweleze uzito wa mbwa, alichokula, kiasi na saa, kisha umpeleke pamoja na pakiti. Tatu, usimnyweshe maziwa, chumvi wala mafuta. Maziwa hayaondoi sumu, chumvi humdhuru zaidi, na mafuta huweza kuingia mapafuni.

Usitie mkono kinywani mwake. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo.