Umeme Safi kwa Studio ya Nyumbani Kisangani

Kisangani hupata umeme wake hasa kutoka kituo cha mto Tshopo, kilichojengwa miaka ya 1950. Anayerekodi nyumbani hawezi kuubadili mtambo huo, lakini anaweza kuurekebisha umeme kuanzia mlangoni kwake. Fundi wetu wa umeme na sauti anajibu maswali ya wasomaji.

Fundi, nikifungua maikrofoni nasikia mvumo mzito hata chumba kikiwa kimya. Unatoka wapi?

Umeme wetu ni wa voti 220 na hezi 50. Mvumo wa hezi 50, 100 au 150 ni umeme huo ulioingia katika sauti. Mara nyingi kompyuta imechomekwa prizi moja na spika prizi nyingine, kisha zikaunganishwa kwa waya wa sauti. Kila kifaa kina njia yake ya kwenda ardhini, na tofauti ndogo ya voti kati ya njia hizo husukuma mkondo ndani ya waya wa sauti. Lisha vifaa vyote vya studio kutoka prizi moja. Friji na chaja zisikae kwenye laini hiyo.

Rafiki yangu alikata waya wa ardhi kwenye plagi, na mvumo ukaisha. Nami nifanye hivyo?

Hapana, ndugu yangu, usithubutu. Hitilafu ikitokea, umeme utakaa kwenye ganda la chuma la kifaa, ukimsubiri mpiga gitaa anayegusa nyuzi huku mdomo wake ukiwa kwenye maikrofoni. Tumia nyaya za XLR, au kisanduku cha DI chenye transfoma. Hicho hutenganisha upande wa sauti tu. Ulinzi wa umeme unabaki.

Nyumba yetu haina waya wa ardhi kabisa. Nianzie wapi?

Mwite fundi umeme achimbie fimbo ya shaba mahali penye unyevu, aiunganishe kwa waya wa shaba na tablo ya umeme, kisha apime. Ukinzani usizidi omu 100. Ukiwa chini zaidi ni bora. Aongeze disjonkta inayokata umeme mkondo wa miliampia 30 ukivuja. Usichimbie fimbo ya pili ya studio peke yake. Radi ikipiga karibu, fimbo mbili zisizounganishwa hutofautiana kwa maelfu ya voti, na tofauti hiyo hupita ndani ya vifaa vyako.

Delestaji, yaani kukatwa kwa umeme, ikija katikati ya kurekodi?

Jumlisha wati. Kompyuta, spika mbili, kadi ya sauti na taa vinaweza kufika wati 250. Kwa saa nne ni wati-saa 1,000. Betri ya asidi ya voti 12 na ampia-saa 200 ina wati-saa 2,400, lakini tumia nusu tu ili idumu. Ukitoa kinachopotea kwenye onduleri, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa voti 220, inatosha. Nunua onduleri ya wimbi safi. Ile ya wimbi la ngazi huleta mkwaruzo ndani ya sauti.

Na radi?

Chomoa plagi, antena na waya wa intaneti kabla mvua haijafika. Kizuia-mshtuko bila ardhi nzuri hakina pa kuupeleka mshtuko wa radi.

Pesa ni kidogo, fundi. Ninunue nini kwanza?

Ardhi na disjonkta, kwa sababu hivyo hulinda maisha. Kisha nyaya nzuri za sauti. Onduleri na betri zifuate. Maikrofoni ya bei kubwa iwe ya mwisho.