Makaburi ya Vita na Wajibu Wetu kwa Marehemu

Kila mwaka, tarehe 2 ya mwezi wa Novemba, Mama Kanisa humruhusu kila padre kusoma Misa tatu kwa ajili ya Marehemu. Waamini wengi huziona Misa hizo, lakini wachache wajua asili yake. Zamani ruhusa hiyo ilikuwa ya Hispania na Ureno na nchi zilizokuwa chini yao. Tarehe 10 Agosti 1915, Baba Mtakatifu Benedikto XV aliieneza kwa Kanisa zima. Ulikuwa mwaka wa pili wa Vita Kuu ya Kwanza. Vijana walikuwa wakianguka kwa maelfu, wengi bila padre na bila mazishi ya Kikristu. Baba Mtakatifu hakuwa na jeshi la kuizuia vita ile. Alilokuwa nalo ni Sadaka ya altare, na hiyo akawapa wafu.

Basi, Misa hizi tatu na makaburi ya vita ni mambo yanayokwenda pamoja. Kwa hiyo twataka leo tuwaeleze wasomaji wetu maana ya makaburi ya vita na kumbukumbu zilizomo katika viwanja vya makanisa yetu, kisha tuulize: je, ni wafu gani wa vita waliosahauliwa, nasi yatupasa tuwafanyie nini?

Mafundisho ya Maandiko

Kuzika wafu ni tendo moja la matendo ya huruma ya kimwili ambayo kila mtoto hujifunza katika katekisimu. Mzee Tobiti, akiwa mateka ugenini Ninawi, aliwazika kwa siri ndugu zake waliouawa na mfalme, akanyang'anywa mali yake yote kwa sababu hiyo. Hakujiuliza kwanza kama ilimfaa. Aliona mwili wa mwanadamu umetupwa, akajua lililompasa.

Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, katika sura ya 12, chatueleza habari iliyo karibu zaidi na jambo letu. Yuda Makabayo na watu wake walikwenda kuichukua miili ya askari wenzao walioanguka vitani, wapate kuizika pamoja na jamaa zao. Walipoiinua, waliona chini ya nguo za kila mmoja hirizi za miungu ya uongo, kitu kilichokatazwa kabisa na Sheria. Yuda hakuwaacha wafu wale kwa kuwa walikuwa wakosefu. Alichanga fedha, drakma 2,000, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi zao, kwa sababu alitumaini ufufuko. Tushike vema fundisho hili: wafu wale hawakuombewa kwa sababu walikuwa wema, bali kwa sababu walihitaji kuombewa.

Kanisa la Mathari

Mfano mzuri tunao hapa hapa Kenya. Mathari, Nyeri, katika kiwanja cha misioni ya Wakonsolata, limesimama kanisa lililojengwa kuwa ukumbusho wa vita, nalo lilimalizika mwaka 1952. Ndani yake imehifadhiwa mifupa ya askari 676 wa Kiitalia, waliofia katika Vita Kuu ya Pili na katika kambi za mateka. Pamoja nao amelazwa Amedeo, Mtawala wa Aosta, jamaa wa mfalme wa Italia, aliyekuwa mkuu wa makoloni ya Italia katika Afrika ya Mashariki. Huyu alisalimu amri kule Amba Alagi, Ethiopia, mwezi wa Mei 1941, akaletwa Kenya akiwa mateka, akafa Nairobi tarehe 3 Machi 1942. Angeweza kuzikwa pamoja na wafalme wa ukoo wake, lakini aliomba abaki pamoja na askari wake. Kila mwaka, mwezi wa Novemba, Misa yao husomwa humo.

Labda msomaji mwingine atauliza: Hawa walikuwa adui. Walitumwa na serikali ya Mussolini, iliyowavamia Waethiopia mwaka 1935 na kumwaga damu nyingi. Vijana wetu wa King's African Rifles walipigana nao. Kwa nini wapewe kanisa zima?

Swali hili ni la haki, na jibu lake ni lile la Yuda Makabayo. Kumzika mtu si kulisifu jambo alilolipigania, na kumwombea si kusema kwamba hakukosa. Asiyekosa hahitaji kuombewa. Kanisa haliibariki vita ya Ethiopia linaposoma Misa Mathari. Lawaombea wanadamu waliobatizwa, wengi wao vijana waliochukuliwa mashambani kwao bila kuulizwa. Tena, kama twaamuriwa kuwapenda adui zetu walio hai, ambao bado waweza kutudhuru, twawezaje kuwanyima sala wale wasioweza tena kumdhuru mtu yeyote?

Wasio na jiwe wala jina

Hata hivyo, ndugu wasomaji, kanisa la Mathari latuuliza swali jingine lililo gumu zaidi. Wageni wale 676 wana mahali pao pa kupumzikia, altare, na Misa ya kila mwaka. Je, wafu wetu wako wapi?

Katika vita ya 1914 hadi 1918, Waingereza waliwachukua watu wa Afrika karibu milioni moja kuwa wapagazi katika mapigano dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika. Jeshi hilo la wapagazi liliitwa Carrier Corps, na ndilo lililoacha majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wapagazi wale walibeba risasi na vyakula vichwani mwao, wakapita mbuga na mabwawa, wakila unga usioiva na kulala katika mvua. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi. Serikali yenyewe ilikiri vifo zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi huona kwamba hesabu ya kweli ni kubwa zaidi ya hiyo.

Mwaka 1917, vita ikiendelea, Waingereza waliunda Tume ya Makaburi ya Vita. Kanuni yake ilikuwa nzuri: kila aliyekufa aandikwe jina lake, ama juu ya jiwe la kaburi, ama katika ukuta wa ukumbusho, na mawe yote yawe sawa, ya afisa na ya askari wa kawaida, pasipo kutazama cheo, rangi wala dini. Tume hiyo yaendelea na kazi hata leo, na yawakumbuka watu wapata milioni 1 na laki 7 duniani kote. Nyeri yenyewe pana makaburi inayoyatunza, nayo yapendeza kwa usafi na utaratibu.

Lakini kwa wapagazi kanuni ile haikufuatwa. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa taarifa na kukiri kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa vita ile, na labda hata 350,000, wengi wao wa Afrika na wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Taarifa ilionyesha kwamba wakuu wa makoloni waliona makaburi ya wapagazi hayastahili gharama, wakataka yaachwe yarudi kuwa pori. Mwezi wa Aprili mwaka huo, serikali ya Uingereza iliomba radhi mbele ya Bunge lake.

Badala ya majina, zilisimamishwa sanamu za shaba katika miaka ya 1920 huko Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ile ya Nairobi yaonyesha watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Maneno yaliyoandikwa chini yake yawaahidi wafu kwamba wana wao watawakumbuka kwa jina. Lakini tafuta jina hata moja pale, hutaliona.

Wala si wapagazi peke yao. Mwaka ule ule wa 1952 kanisa la Mathari lilipomalizika, tarehe 20 Oktoba, Hali ya Hatari ilitangazwa katika Kenya. Watu wengi wa Nyeri na wa nchi jirani walikufa misituni, kambini na mikononi mwa mnyongaji, na wengi wao walizikwa mahali wasipopajua jamaa zao. Dedan Kimathi, mwenyeji wa Nyeri, alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa humo humo gerezani, na jamaa yake hawakukabidhiwa mwili. Wengine waliuawa na wapiganaji wa msituni, wakiwamo Wakristu waliokataa kula kiapo. Wafu hao wote, wa upande huu na wa upande ule, wana watoto na wajukuu ambao leo hukaa katika benchi moja kanisani.

Mfano wa Sista Irene

Tusidhani kwamba hapakuwa na mtu aliyewajali wapagazi. Mwaka 1915 alifika Kenya Sista Irene Stefani, Mkonsolata aliyezaliwa Italia mwaka 1891. Kuanzia mwaka 1916 alitumwa katika hospitali za wapagazi, kwanza Voi, kisha Kilwa na Lindi. Hospitali hizo zilikuwa mabanda yaliyojaa wagonjwa waliolala chini. Sista aliwaosha vidonda, aliwalisha, aliwafundisha dini wale waliotaka, na aliwabatiza wengi saa ya kufa. Katika Ubatizo mtu huitwa kwa jina lake. Hivyo wengi waliohesabiwa na jeshi kama mizigo walikufa wakiwa wameitwa kwa jina mbele ya Mungu.

Sista Irene alikufa Gikondi, Nyeri, tarehe 31 Oktoba 1930, baada ya kuambukizwa tauni na mgonjwa aliyemwuguza. Watu walimwita Nyaatha, maana yake mama wa huruma. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenye Heri mjini Nyeri. Tunapomwomba atuombee, tukumbuke wale aliowafumba macho.

Tufanye nini?

Mwingine atasema: Wafu wasio na kaburi tutawaombea wapi? Twajibu: Sala haihitaji ramani. Kaburi latufaa sisi walio hai, litukumbushe. Mungu hahitaji jiwe ili amjue mtu wake. Walakini kwa kuwa sisi twasahau upesi, yatupasa kutenda mambo haya.

Kwanza, akina baba na akina mama wawaulize wazee wao wangali hai: Ni nani wa ukoo wetu aliyekwenda vitani asirudi? Babu wa babu aliyechukuliwa Kariokor, mjomba aliyekwenda Burma na King's African Rifles, shangazi aliyefia kambini wakati wa Hatari. Jina liandikwe katika daftari la nyumbani pamoja na jina la kijiji chake. Mzee akifa kabla ya kuulizwa, jina lile hufa naye.

Pili, majina hayo yapelekwe kwa Paroko yaingizwe katika orodha ya marehemu wa Novemba. Hakuna sababu ya kumwandika nyanya aliyefariki mwaka jana na kumwacha kaka yake asiyejulikana alikozikwa.

Tatu, parokia yenye makaburi ya vita, ya wenyeji au ya wageni, iwapeleke vijana wake kuyafyeka na kuyasoma. Asiwepo mtu wa kung'oa jiwe la kaburi kwa kujengea, wala kufungia mbuzi juu ya msalaba. Na parokia isiyo na makaburi hayo yaweza kuweka ubao mmoja mlangoni mwa kanisa na kuandika majina yaliyopatikana. Hata yakiwa matano tu, hayo ni matano yaliyookolewa.

Nne, tusiwachague wafu. Jamaa ya yule aliyeuawa msituni na jamaa ya yule aliyeuawa na watu wa msituni wawalete wafu wao kwenye Misa moja. Kazi hii ni ngumu kuliko kufyeka majani, nasi twajua kwamba katika nyumba nyingine haijafanyika hata leo. Lakini Mathari yatufundisha kwamba adui wa jana aweza kulazwa karibu na altare yetu. Kama tumeweza kumvumilia mgeni, hatutashindwa kumvumilia jirani.

Novemba hii basi, kila nyumba itafute jina moja la mfu wa vita aliyesahauliwa, na jioni, baada ya Rozari, baba au mama alitaje kwa sauti mbele ya watoto. Uwape raha ya milele, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Amina.